Anapata 4 kati ya 20 darasani, lakini korosho anazihesabu bila kukosea: mtoto wa Darasa la Kwanza apimwe vipi?

Mwalimu wa Newala ameandika:

Walimu wenzangu na wazazi, nawasalimu. Ninafundisha Darasa la Kwanza hapa wilayani Newala, mkondo mmoja wenye watoto 94, na huu ni mwaka wangu wa tatu tangu niajiriwe. Shuleni kwetu tumejiwekea utaratibu wa kutoa jaribio la Kuhesabu kila mwisho wa mwezi. Maswali ni 20, ninayaandika ubaoni, watoto wanayanakili katika madaftari na kuyajibu ndani ya kipindi kimoja, kisha ninasahihisha na kuwapanga kwa nafasi, kuanzia wa kwanza hadi wa 94. Orodha inabandikwa ukutani na nakala yake inakwenda kwa mwalimu wa taaluma.

Lililonisukuma kuandika ni binti mmoja wa miaka saba ambaye mwezi uliopita alipata 4 kati ya 20 na kuwa wa 88. Jumamosi iliyofuata nilipita nyumbani kwa bibi yake kwa shughuli nyingine kabisa, nikamkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya rundo la korosho ghafi, akizipanga mafungu ya tano tano. Nilipomuuliza ziko ngapi, alitazama mafungu manne na mbili za pembeni, akajibu bila kunyoosha kidole hata kimoja kwamba ziko ishirini na mbili. Nikamwambia afumbe macho, nikachukua sita na kuzificha chini ya mkeka. Alipofumbua aliangalia kilichobaki, akanyamaza kidogo, akasema, "Umechukua fungu moja na moja." Swali la aina hiyo hiyo, yaani 9 − ☐ = 4, ndilo alilokuwa ameliacha wazi katika jaribio langu.

Tangu siku hiyo sina amani na kalamu yangu nyekundu. Ninaomba ushauri wa wazoefu. Kwanza, je, jaribio la kuandika lina maana yoyote kwa mtoto wa miaka sita au saba? Pili, ikiwa jibu ni kumpima mtoto mmoja mmoja, mwalimu mwenye watoto 94 anafanyaje bila kuacha kufundisha? Tatu, nikishampima kwa njia nyingine, niandike nini katika taarifa ya mzazi ambacho mwalimu mkuu naye atakipokea?

Mstaafu, Nachingwea, amejibu:

Mwalimu, nakushukuru kwa kulieleza jambo lako kwa uangalifu. Nilikaa na Darasa la Kwanza na la Pili kwa zaidi ya miaka thelathini, katika shule nne tofauti za mkoa wa Lindi, na kwa muda mrefu nilitoa majaribio kama hayo yako bila kujiuliza ulilojiuliza wewe katika mwaka wa tatu.

Nianze na maneno ya huyo binti, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri. Hakusema "sita", alisema "fungu moja na moja". Bibi yake akiwa Mmakonde, kama walivyo wengi huko kwenu, basi mtoto huyo huenda amesikia hesabu ya nyumbani kabla ya hesabu ya shule. Katika hesabu ya asili ya Kimakonde, kama ilivyo katika Kiyao na Kimakua, tano ndiyo kituo. Ukifika hapo unaanza upya, kwa hiyo sita ni "tano na moja" na saba ni "tano na mbili". Huo ni mpangilio wa akili uliokamilika, na mtu akiutazama vizuri ataona kwamba ndiyo thamani ya nafasi yenyewe (namba kuwa na thamani kulingana na mahali ilipoandikwa), isipokuwa fungu lake ni la tano badala ya kumi. Mtoto huyu ameshajua kwamba fungu zima linaweza kuhesabiwa kama kitu kimoja. Wapo watoto wa Darasa la Pili wanaopata 18 kati ya 20 na bado hawajalijua hilo.

Sasa tazama Kiswahili kinamfanyia nini. Kuanzia kumi na moja hadi kumi na tisa lugha yetu inamsaidia, kwa kuwa "kumi na tatu" inajieleza yenyewe. Lakini ishirini, thelathini, arobaini na hamsini ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na mtoto hawezi kusikia ndani ya "arobaini" kwamba yamo makumi manne. Analazimika kulimeza neno zima. Ndiyo maana mimi nilikuwa ninawaacha watoto waseme "makumi mawili na tatu" kwa majuma kadhaa kabla ya kuwadai "ishirini na tatu". Wako waliodhani ninawaharibu watoto.

Kuhusu swali lako la kwanza, jaribio la kuandika si haramu, ila kwa umri huo linapima mambo manne au matano kwa mpigo na kukupa namba moja. Linapima kama mtoto anaona ubao, kama anaweza kunakili, kama anaijua alama ya 6 na haichanganyi na 9, kama anaelewa swali linataka nini, na mwisho kabisa kama anajua kuhesabu. Mtoto akianguka katika lolote kati ya hayo, wewe unaona kosa la hesabu. Wakati mmoja niliamua kukusanya madaftari kabla ya watoto kujibu, nikaangalia kunakili peke yake. Niliona 7 + 2 imekuwa 1 + 2, na 12 imekuwa 21, na tatu nyingine zimegeuka zinatazama kulia. Wale walionakili 1 + 2 na kujibu 3 nilikuwa nikiwapa kosa, ilhali walikuwa wamejumlisha sawasawa kilichokuwa mbele yao. Kuandika namba kwa kugeuza ni jambo la kawaida kwa watoto wa umri huo na kwa wengi huondoka kadiri wanavyoendelea kuandika. Kulikata alama ni kumwadhibu mtoto kwa mkono wake.

Kuhusu la pili, nitakueleza nilivyofanya. Kila siku, watoto wanapokuwa katika zoezi la daftari, nilikuwa ninawaita wanne, mmoja baada ya mwingine, kwenye meza ndogo karibu na mlango. Kila mmoja dakika tatu, asizidi nne. Wanne kwa siku ni ishirini kwa juma, na kwa darasa lako la 94 utakuwa umemfikia kila mtoto ndani ya majuma matano, ukihesabu na watoro. Mezani pawe na korosho sitini au mbegu zozote, na kadi chache zenye namba. Nilikuwa ninauliza mambo haya tu.

Nilimwambia ahesabu kwa sauti mpaka atakapochoka, nikaandika alipofika na alipokosea. Kisha nikamwambia, "Nipe nane." Usidharau swali hili, mwalimu. Kutaja namba kwa mfululizo ni wimbo, lakini kutoa nane na kusimama kunaonyesha kwamba mtoto anajua neno la mwisho alilotaja ndilo linalobeba idadi yote. Wapo watakaokuhesabia mpaka hamsini kama kasuku, kisha ukiwaomba nane watakumiminia korosho zote. Akishanipa nane, nilikuwa ninazitawanya mbele yake, bila kuongeza wala kupunguza, na kumwuliza ziko ngapi sasa. Anayejibu "nane" papo hapo yuko mahali tofauti na anayeanza kuhesabu upya, na wote wawili wako mahali tofauti na anayesema zimeongezeka. Mwisho nilimwonyesha tano katika kiganja, nikazifunika, nikaongeza tatu zinazoonekana, nikauliza zote ni ngapi. Hapo nilimsikiliza midomo. Yupo anayeanza "moja, mbili, tatu" kwa korosho asizoziona, yupo anayesema "tano" kisha anaendelea "sita, saba, nane", na yupo anayekujibu kabla hujafunga mdomo. Wote watatu wangeandika 8 katika daftari na kupata vema.

La tatu nawaachia wenzangu, maana taarifa za siku zangu na za siku hizi si zilezile.

Mwalimu wa Kilwa Masoko amejibu:

Shikamoo Mwalimu Mstaafu, na pole na kazi Mwalimu wa Newala.

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini naomba niingize upande wa pili ili mwenzetu asitupe jaribio la kuandika jalalani. Mtoto huyu huyu baada ya miaka michache atakaa katika Upimaji wa Taifa wa Darasa la Nne unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na pale hakuna korosho wala meza karibu na mlango. Kuna karatasi, muda, na maelezo anayopaswa kuyasoma mwenyewe. Tukimzoesha kujibu kwa mdomo peke yake, tutakuwa tumempeleka kwenye mto bila kumwonyesha maji. Zaidi ya hapo, mwalimu anapokuwa mezani na mtoto mmoja, watoto 93 wanafanya nini? Kwangu wana madawati ya watoto wawili wanayokaa wanne, na zoezi la daftari linamalizika kwa wengine ndani ya dakika mbili. Wakati ninamsikiliza mmoja midomo, wawili wanapigana.

Ninachokubali ni kwamba shida haiko katika karatasi, iko katika namna tunavyoisoma. Kalamu ikishaandika 4/20 tunafunga daftari. Ningekushauri, kabla ya kujumlisha alama, uchukue madaftari ya wale waliokosa na uyasome makosa yenyewe, kwa sababu mtoto hakosei ovyo, anakosea kwa kanuni yake. Ukiona 14 + 5 imekuwa 64, mtoto amejumlisha vizuri kabisa, ila ameiweka 5 chini ya 1, hajajua kwamba ile moja ni kumi. Ukiona mtoto wa Darasa la Pili ameandika 32 − 17 = 25, ujue katika kila safu anatoa ndogo kutoka kwenye kubwa, yaani mbili imetolewa katika saba kwa kuwa ndiyo inayowezekana. Ukiona 3 + ☐ = 8 imejibiwa 11, kwake alama ya sawasawa ni amri ya kuandika jibu, na alama ya kujumlisha ni amri ya kujumlisha kila kinachoonekana. Sisi wenyewe tumemfundisha hivyo, maana katika miezi yote ya mwanzo kisanduku hukaa mwisho na hakikai mahali pengine. Siku hizi ninaandika ubaoni 8 = 5 + 3 tangu mapema, na watoto wakicheka kwamba nimeandika kinyumenyume ninajua kazi ipo.

Kosa jingine ni la kuandika namba kama inavyotamkwa. Mwambie mtoto aandike thelathini na tano na wapo watakaoandika 305, kwa sababu ametii masikio yake, thelathini kwanza kisha tano. Hapo Mwalimu Mstaafu ana haki kuhusu maneno yetu ya makumi.

Kisha tuzitazame lugha za maswali yetu wenyewe. Niliwahi kuandika ubaoni, "8 inazidi 5 kwa ngapi?" Watoto kadhaa wakajibu 13, na katika Darasa la Pili mmoja akajibu 40, kwa kuwa alisikia "zidisha". Nikauliza, "Tafuta tofauti ya 8 na 5," mtoto mmoja akanyanyua mkono na kueleza kwamba nane ina matundu mawili na tano ina kofia. Alikuwa amejibu swali vizuri kuliko nilivyouliza. Neno "toa" nalo si jepesi kama tunavyodhani, kwani nyumbani mtu "akitoa" chakula anakileta, hakipunguzi. Asha ametoa maembe matatu kapuni, na mtoto anawaza maembe matatu yaliyopo mezani. Kwa hiyo kabla ya kusema mtoto hajui kutoa, mwalimu amwombe aigize lile swali kwa vitu. Akiigiza vizuri na kuandika vibaya, tatizo ni lugha au alama. Akiigiza vibaya, hapo ndipo hesabu yenyewe inapodai kufundishwa upya.

Nafasi za 1 hadi 94 sina la kuzitetea.

Mzazi wa Mingoyo amejibu:

Nawashukuru walimu. Mimi si mwalimu, ni mzazi wa mtoto wa Darasa la Pili hapa Lindi, na nimeingia kwa ajili ya swali la tatu.

Mwaka jana muhula wa kwanza niliitwa kuchukua taarifa ya mwanangu. Imeandikwa, Kuhesabu, 38, nafasi ya 71 kati ya 102, na katika sehemu ya maoni yameandikwa maneno mawili, "Aongeze juhudi." Nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi na sijui la kufanya. Juhudi ya nini? Nikamnunulia daftari jipya na kumwambia aandike moja mpaka mia kila jioni, akawa analia, na mimi nikawa ninapandisha sauti. Baadaye mama yake mdogo, ambaye anauza samaki, ndiye aliyegundua kwamba mtoto anahesabu vizuri sana kwenda mbele lakini hawezi kurudi nyuma. Ukimwambia aanze kumi na mbili arudi, anapotea kwenye tisa. Basi kila asubuhi wakawa wanarudi nyuma pamoja wakipanda ngazi za nyumba ya jirani. Sikuhitaji nafasi ya 71. Nilihitaji mtu aniambie kwamba hawezi kurudi nyuma, nami ngazi ninazo.

Na hilo la orodha ukutani, walimu, watoto wanalisoma hata kabla hawajajua kusoma. Wangu alikuwa anajua jina lake liko chini ya dirisha.

Mwalimu wa Masasi amejibu:

Nitasema kidogo juu ya vipimo vikubwa, kwa kuwa nimeona wengi wanavitaja bila kuvifahamu, na vina jambo la kutufundisha sisi wa darasani.

Mwaka 2013 watoto wa Darasa la Pili katika shule za sampuli nchini walipimwa kwa kipimo cha hesabu cha madarasa ya mwanzo kinachojulikana kama EGMA, sambamba na kile cha kusoma cha EGRA. Kipimo hicho hakifanyiki kwa karatasi ya darasa zima, mpimaji hukaa na mtoto mmoja. Kuna kutambua namba 20 ndani ya dakika moja, kuna kulinganisha jozi za namba na kusema ipi kubwa, kuna kutaja namba iliyokosekana katika mfululizo, kuna kujumlisha na kutoa kwa dakika moja, kisha kujumlisha na kutoa kugumu zaidi bila saa, na mwisho mafumbo ya maneno anayosomewa mtoto akiwa na vihesabio mbele yake. Angalieni kwamba hata waliobuni kipimo kikubwa kama hicho waliona mtoto wa umri huo asomewe mafumbo, apewe vihesabio, na asiendelee kuulizwa pale anapokosea mfululizo. Tathmini ya shirika la kiraia liitwalo Uwezo nayo, ambayo iliwafuata watoto nyumbani kwao, iliwapima mmoja mmoja. Kwa hiyo Mwalimu wa Newala, ukimwita mtoto mezani hukuanzisha mageuzi. Umefanya tu kile ambacho wataalamu hufanya wanapotaka kujua kweli.

Lakini kuna tahadhari. Vipimo hivyo vimetengenezwa ili nchi ijue mfumo wake unaendaje, havikutengenezwa ili kumweka mtoto fulani katika fungu la wajinga. Dakika moja ina maana kwa anayetafuta wastani wa maelfu. Kwa binti wako wa mafungu ya tano, dakika moja ni kelele tu, kwa kuwa anayehesabu kwa kufikiri mara nyingi huenda polepole kuliko anayekariri. Chukua maswali, acha saa.

Kuhusu hofu ya Mwalimu wa Kilwa ya watoto 93, hata mimi ilinishinda mpaka nilipoacha kuwapa zoezi la kuandika wakati huo na kuwapa mchezo. Watoto wawili wawili, mbegu kumi. Mmoja anaficha baadhi mkononi, mwenzake anatazama zilizobaki na kutaja zilizofichwa, kisha wanabadilishana. Hauishi haraka kama zoezi la daftari, na ni hesabu ileile ya kisanduku ambayo binti huyu aliifanya juu ya mkeka. Kelele zipo, sitasema hazipo. Mthibiti Ubora wa Shule aliwahi kuingia wakati huo na kusimama mlangoni kwa muda kabla ya kuuliza kama kuna kipindi. Nilimpa mtoto mmoja na mbegu kumi, akacheza naye.

Mwalimu wa Newala ameandika:

Ninarudi baada ya majuma matatu, nikiwa na shukrani na mambo machache ya kusimulia.

Nimewafikia watoto 56 hadi sasa, wanne kwa siku, kwa maswali ya Mwalimu Mstaafu na mchezo wa Mwalimu wa Masasi. Siku mbili za mwanzo zilikuwa fujo na niliwaita wawili tu kila siku. Nimetenga daftari moja, kila mtoto mistari mitano, na ninaandika alichofanya kama nilivyokiona, tarehe pembeni.

Yule binti nilimwita siku ya tatu. Aliponipa nane alitoa fungu la tano kwa mkupuo, akaongeza tatu, na nilipozitawanya alinitazama kama mtu anayeulizwa jina lake. Kisha nikaweka kadi. Akaijua 5, akaijua 8. Nilipomwomba aonyeshe sita alichukua 6 na 9, moja mkono huu na moja mkono huu, akaniuliza, "Mwalimu, sita ni ipi?" Niliona aibu. Nimemfundisha tangu Januari. Tumeiandika 6 kwenye mchanga kwa siku kadhaa, na katika jaribio la mwezi huu, ambalo nililisoma kwa sauti swali baada ya swali badala ya kuwaacha wanakili, alipata 11. Kisanduku cha katikati bado kinamshinda akikiona ubaoni, ingawa kwa mbegu anakimaliza kabla yangu.

Lakini lililonishtua si yeye. Katika hao 56 wamo 11 ambao walinihesabia vizuri hadi thelathini au zaidi, na nilipowaomba nane hawakujua kusimama. Nilirudi kwenye orodha zangu za nyuma nikakuta baadhi yao wanapata 9, 10, hata 12 kati ya 20. Nilipokumbuka wanakokaa, kila mmoja yuko jirani na mtoto anayejua. Kwa hiyo orodha yangu ilikuwa inamweka chini anayejua na inamficha asiyejua, na hao wa pili ndio ambao ningewapandisha Darasa la Pili kwa amani.

Nilimpelekea mwalimu mkuu lile daftari. Alisoma kurasa mbili akiwa amesimama. Amekubali orodha ya nafasi isibandikwe tena ukutani kwa Darasa la Kwanza na la Pili, ila alama ziendelee kwenda kwa mwalimu wa taaluma kama kawaida, na katika taarifa ya mzazi niandike sentensi mbili, moja ya anachoweza mtoto na moja ya kinachofuata. Mzazi wa Mingoyo, sentensi hiyo ya pili ni yako. Ameniuliza pia nitafanyaje jaribio la kufunga mwaka wakati korosho zimekolea na nusu ya darasa iko mashambani na wazazi, nami sikuwa na jibu. Na wale 11, nianze nao wapi?

Mstaafu, Nachingwea, amejibu:

Marahaba kwa wote, na hongera mwalimu. Usione aibu kwa ile sita. Mimi niliwahi kugundua ya namna hiyo mwezi wa Oktoba.

Kuhusu msimu wa korosho, usingoje jaribio la mwisho. Daftari lako tayari lina tarehe, na mtoto uliyemwona anatoa nane na kusimama mwezi wa Agosti huna haja ya kumdai ushahidi upya mwanzoni mwa Desemba kwa sababu tu siku ya jaribio alikuwa anaokota korosho. Ukimaliza mzunguko wa kwanza wa watoto wote, anza wa pili na wale unaojua huwa wanaondoka mapema, ili uwapate kabla minada ya korosho haijaanza. Atakaporudi Januari na mifuko ya mbegu za kuchezea, mwulize ameokota mafungu mangapi. Hicho nacho ni kipimo, na mtoto atakuwa na hamu ya kujibu.

Kuhusu wale 11, usiwarudishe kwenye kutaja moja mpaka thelathini, hiyo wanaijua na ndiyo iliyokudanganya. Watenganishe na majirani zao kwa upole, bila kutangaza, na uwape kazi ya kuleta vitu badala ya kutaja namba. Niletee vijiti vitatu. Gawa chaki moja moja kwa watoto wanne. Leta mawe yanayolingana na watoto wa dawati hili, lisibaki jiwe wala asikose mtoto. Baada ya kila kazi mwulize, "Umeleta ngapi?" na asipojibu bila kuhesabu tena, bado. Kaa nao kwenye tatu, nne na tano kwa juma zima, hata kama azimio la kazi, yaani mpango wako wa mada za mwaka, linakuambia uko kwenye kumi na tano. Wakishaitambua tano kwa jicho, bila kidole, waongeze moja na uwaulize inaitwaje. Kama kuna atakayekujibu "tano na moja", mpokee, kisha mwonyeshe kadi ya 6.